Utamaduni Haumwogeshi Mzee

Majuzi kwenye mazishi hapa Isiolo, kiongozi mmoja alishika kipaza sauti akatuhubiria. Makao ya wazee, alisema, ni mambo ya Wazungu. Mwafrika hamtupi mzazi wake. Na kaunti ina kazi za maana kuliko kulea mama za watu ambao wana watoto. Alipigiwa makofi. Waliopiga kwa nguvu zaidi walikuwa wanaume, na wengi wao nawafahamu vizuri. Sijui hata mmoja aliyewahi kuamka saa nane za usiku kumgeuza mama yake kitandani.

Kauli hii imenichosha. Inasemwa msikitini, inasemwa kanisani, inasemwa redioni kila mtu akigusia wazee, na ikishasemwa mazungumzo yamekwisha. Hakuna anayeuliza swali la pili, ambalo ndilo la pekee lenye maana: nani anamwogesha?

Nitawaambia nani. Kuna nyumba moja Bulla Pesa ninayoingia mara kwa mara. Mama wa hapo alipigwa na kiharusi, upande wa kulia wote umelala. Godoro lake limevikwa nailoni, kwa sababu mkojo ukishapenya kwenye sponji hakuna jua la kuutoa. Lazima ageuzwe kila baada ya saa chache, usiku na mchana, la sivyo ngozi ya makalio na visigino inakuwa nyekundu, kisha inafunguka, na kidonda cha kulalia kikishafunguka kukifunga ni kazi ya miezi. Uji analishwa kwa kijiko akiwa ameinuliwa kwa mito, maana akilala chali unampalia. Mashuka hufuliwa kila asubuhi, na maji yananunuliwa kwa mtungi kutoka kwa kijana wa mkokoteni. Kazi hiyo yote inafanywa na mjukuu wake, msichana aliyeachia shule kidato cha pili. Mama huyo ana watoto wa kiume, tena wenye kazi. Wanatuma pesa, na mtaani wanasifiwa kwa kutuma pesa. Msichana sijasikia akisifiwa na mtu yeyote.

Basi huo utamaduni tunaojivunia una miaka kumi na saba, umeacha shule na haulipwi hata shilingi. Kiongozi akisimama kusema wazee wetu hutunzwa nyumbani, anachosema kwa lugha ya bajeti ni kwamba kazi hii itafanywa bure na binti wa mtu mwingine.

Na wanaoutaja utamaduni hawaujui. Waborana wa Waso, huku kwetu Isiolo, walikuwa na busa gonofa: mtu akifilisika, ukoo ulikaa, ukahesabu, ukatoza mifugo kutoka kwa wenye nacho na kumpa asiye nacho. Huo ulikuwa mgao wa lazima, wenye wasimamizi na wenye aibu kubwa kwa anayekwepa. Mjane mzee alikuwa na maziwa kwa sababu kulikuwa na ng'ombe, na ng'ombe walikuwapo kwa sababu ukoo ulitoza. Babu zetu walikuwa na bajeti ya wazee. Sisi ndio tumeifuta, tukabaki na maneno matamu.

Halafu tujiulize mifugo yenyewe ilikwenda wapi. Wakati wa vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, serikali iliwakusanya watu kwenye kambi za Garba Tula, Merti na Modogashe, na mifugo ikauawa kwa risasi, ikachukuliwa, au ikafa ndani ya uzio kwa kukosa malisho. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika mambo hayo katika ripoti yake ya 2013. Mtoto aliyekuwa na miaka saba mwaka 1965 leo anakaribia sabini. Ni huyo huyo anayelala kwenye godoro la nailoni. Waliobahatika kujenga mifugo upya wakapigwa na ukame wa 1984, na wa 2011, kisha na misimu mitano mfululizo ya mvua kukosa kuanzia mwisho wa 2020. Kumwambia mtu kama huyo ategemee mali ya familia ni ukatili. Serikali ilishiriki kuimaliza mali hiyo.

Kuna watakaonijibu kwamba wazee wana Inua Jamii, pesa za serikali za kila mwezi. Ni shilingi 2,000, kwa waliofikisha miaka 70 na wakaandikishwa, na mara nyingi zinachelewa hadi mwenye duka anakataa kuandika deni jipya. Pesa hizo huishia kwenye nepi za watu wazima na dawa za presha kabla hazijafika kwenye unga. Nazipokea kwa shukrani kwa niaba ya kila anayezipata, lakini noti mbili za elfu hazijui kumgeuza mtu kitandani.

Najua pia hesabu za kaunti, msidhani sizijui. Mgao wa Isiolo kutoka serikali kuu umekuwa karibu bilioni tano kwa mwaka, wa kuhudumia kaunti inayotoka Oldonyiro mpaka Sericho. Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa, mgao wa kaunti zote ulipunguzwa kutoka bilioni 400.1 hadi 387.4. Pesa zinachelewa kutoka Hazina, mishahara inameza sehemu kubwa ya kinachofika, na sheria inataka asilimia 30 iende kwenye maendeleo. Yote kweli. Lakini kaunti ikibanwa hukata kile kisicho na mtu wa kupiga kelele, na mzee asiyeweza kutembea hafiki kwenye kikao cha maoni ya umma. Wanaofika ni vijana wanaotaka murramu barabarani, na wazazi wanaotaka basari. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na wale waliokaa meza kuu wakiona ukumbi mzima hauna mtu wa miaka themanini, kisha wakaandika kwamba wananchi wameshirikishwa.

Na pesa za kupoteza huwa hazikosekani. Tuna uwanja wa ndege uliofunguliwa 2017, mradi wa serikali kuu, ambao siku nyingi unatembelewa na upepo. Tuna machinjio ya Burat yaliyotuchukua zaidi ya muongo mzima wa ahadi. Na mwaka 2025, kuanzia Juni mpaka Julai, mji ulikuwa na gumzo moja tu: bunge la kaunti kumwondoa gavana, mpaka Seneti ikasema hakukuwa na kikao halali cha kumwondoa. Wiki hizo zote, kwa kelele zote zile, sikusikia upande wowote ukitaja wazee hata kwa bahati mbaya.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni hili: mkijenga makao, kila mtu atamtupa mama yake hapo. Ni hoja ya kipuuzi, na ni matusi kwa watu wa Isiolo. Anayeisema anaamini kwamba upendo wetu kwa mama zetu umeshikiliwa na kukosekana kwa jengo. Hospitali ya rufaa ipo, na hatujawahi kumtupa huko mgonjwa wa mafua. Tunampeleka aliyetushinda, tunamletea chai kwenye thamosi, tunalala sakafuni kando ya kitanda chake.

Wanaosema dini hairuhusu nao waende Zanzibar. Kisiwa cha Waislamu, chenye misikiti kila kona, kina makao ya wazee ya serikali Sebleni na Welezo, na tangu 2016 kila mkaazi aliyefikisha miaka 70 anapewa pensheni bila kuulizwa kama aliwahi kuajiriwa. Tanzania Bara ina makazi ya serikali kama Nunge kule Kigamboni na Kolandoto kule Shinyanga. Nairobi kwenyewe kuna Mji wa Huruma, makao ya serikali ya jiji. Hakuna aliyegeuka Mzungu kwa hilo. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kwa Serikali. Imewataja wote wawili. Kiongozi anayetaja mmoja tu anaisoma Katiba nusu.

Sidai jumba la kifahari. Wazee wengi wanataka kubaki kwao, na wana haki. Nadai nyumba moja ya vitanda vichache mjini, nyingine Merti au Garba Tula, kwa wale ambao hawana mtu kabisa, kwa sababu wapo: mjane aliyezika watoto wake wote, mchunga ngamia wa watu aliyezeeka bila kuoa. Na kwa wenye familia, nadai mtu anayelipwa aingie nyumbani saa mbili kwa siku ili yule msichana arudi darasani. Hili si jambo geni. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wanazunguka nyumba hadi nyumba na mikoba yao, na posho yao ya 5,000 inagawanywa sawa kati ya kaunti na serikali kuu. Njia ya kumlipa mtu abishe hodi kwa mgonjwa tunayo tayari. Kilichobaki ni kumfundisha kuogesha, kugeuza na kufunga kidonda, na kumlipa mshahara badala ya posho.

Waraka wa mwelekeo wa fedha wa kaunti lazima ufike bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mwakilishi wadi yeyote anayetaka kura yangu anionyeshe ukurasa na kiasi. Akikosa, asije kwenye mazishi ya wazee wetu kuomba kipaza sauti.