Sheria na jamaa: neno "alikubali" halitoshi



Swali moja linarudi kila mara katika vikundi vyetu: kijana wa miaka 19 na binti wa miaka 17 wanapendana, hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Je, kuna kosa? Juma hili tunajibu waziwazi, kwa maana wengi wetu tunajifunza sheria siku ambayo polisi wamefika mlangoni.

Hapa Kongo, sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 na sheria ya ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, zinasema jambo moja: asiyetimiza miaka 18 ni mtoto, na kulala na mtoto ni ubakaji, hata kama hakukuwa nguvu. Azabu ni kifungo cha miaka 7 mpaka 20, pamoja na faini. Hata kumshika mtoto mwili kwa njia ya aibu ni kosa. Sheria haimpi ruhusa kijana kwa sababu amepita binti miaka miwili tu. Wala kusema "nitamuoa" hakumwokoi: zamani binti aliweza kuolewa na miaka 15, lakini tangu Kanuni ya Jamaa irekebishwe mwaka 2016, ni miaka 18 kwa wote wawili.

Na kama kijana mwenyewe ni mtoto? Mwenye miaka 14 mpaka 17 anapelekwa mbele ya tribinali ya watoto. Hakimu anaweza kumkaripia, kumrudisha kwa wazazi, ao kumweka pahali pengine pa malezi. Siku anapofikisha miaka 18, mambo yanabadilika: anahukumiwa kama mtu mzima.

Sasa tuseme ukweli. Mara nyingi hatukumbuki sheria hii mpaka mimba ionekane. Hapo jamaa mbili zinakaa na kuhesabu mbuzi, franka na mahari. Wakipatana, binti anapelekwa kwa wakwe. Wasipopatana, ndipo mashtaka yanaandikwa. Hivi sheria iliyowekwa kumlinda mtoto inageuka fimbo ya kupandisha bei. Mwanaume mzima mwenye pesa analipa na kwenda zake. Mtoto wa maskini anaozea gerezani. Na binti? Hakuna aliyemuuliza neno.

Mapatano ya namna hiyo hayafuti kosa. Sheria namba 06/019, ya siku ile ile ya 2006, imekataza kumaliza kesi hizi kwa kulipa faini tu ili faili ifungwe.

Basi tufanye nini?

Tuongee na vijana wetu wanaume mapema. Tumezoea kumchunga binti na kumwacha kaka yake. Kijana wa miaka 17 ajue ni nini kinachomngojea mwaka kesho, na ajue pia kwamba kupenda ni kungojea.

Tuongee na mabinti bila matusi. Binti anayeogopa fimbo ya mama atamficha hata mwalimu anayemsumbua ao mwanaume mzima anayemnunulia simu.

Tutunze vyeti vya kuzaliwa. Mbele ya hakimu, umri ndio unaobeba kesi yote.

Na kama jambo limekwisha kutokea, tumpeleke mtoto hospitali mbele ya saa 72 kupita, kwa maana dawa ya kuzuia SIDA inahitaji kuanzishwa ndani ya muda huo. Hasira ingojee. Hata muda ukiwa umepita, aende tu, atunzwe. Kisha tumsikilize yeye kwanza, kabla ya wajomba na baba wadogo.

Katika mkutano ujao kila kikundi kijiulize: kesi ya mwisho tuliyoisikia katika avenyu yetu, ni nani aliyelindwa, mtoto ao jina la jamaa?