Mbwa Anajikuna: Tuanze Wapi?

Mwezi huu tunaongea juu ya mbwa. Hapa Kampala, toka Katwe mpaka Makindye, kuna familia zinafuga mbwa ili abweke mwizi akija usiku. Lakini mbwa anayejikuna usiku kucha hachungi nyumba, na wadudu wake hawabaki kwake peke yake.

Viroboto: Watu wanamwogesha mbwa, baada ya siku mbili viroboto wamerudi, wanasema eti dawa ni bandia. Kumbe wale unaowaona ni wachache tu. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 40 kwa siku, na mayai yanaanguka pale mbwa analala. Basi tuanze na hapo. Tufue gunia lake kwa maji ya moto, tulianike juani, tufagie nyufa zote, turudie kila wiki. Ukimwogesha, povu lianze shingoni, maana viroboto hukimbilia kichwani.

Kupe: Wanapenda masikio na katikati ya vidole. Usiwachome na kiberiti. Shika kupe kwa kibano karibu na ngozi, vuta polepole bila kupinda, mtie ndani ya spiriti. Usimpasue kwa vidole. Mbwa akiacha kula na fizi zikiwa nyeupe, huenda kupe wamempa ugonjwa wa damu. Hapo usingoje, ita daktari wa mifugo.

Funza: Huyu ni mgeni. Alitoka Amerika ya Kusini, akaingia Angola mwaka 1872, akaenea mpaka kwetu. Anaingia kwenye nyayo za mbwa sawa na kwenye vidole vya watoto. Sisi walimu tunamjua mtoto mwenye funza: anakanyaga kwa kisigino, halafu siku zingine haji darasani. Ukiwatoa kwa mtoto na kumwacha mbwa, watarudi. Nyunyizia vumbi maji, fagia, osha miguu kwa sabuni, watoto wavae viatu. Na sindano moja isitumike kwa watu wawili.

Tuchunge sana: Mafuta ya taa, oili chafu ya gari, na dawa ya ng'ombe iliyopimwa kwa macho si dawa ya mbwa. Anajilamba, sumu inaingia tumboni. Panadol pia usimpe. Kama huna pesa ya dawa, maji ya moto, sabuni, jua na ufagio vinafanya kazi kubwa.

La mwisho: mbwa mwenye maumivu anauma hata wenyewe. Akimuuma mtoto, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha kimbia kituo cha afya siku hiyo hiyo, waangalie habari ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje kesho.

Kaeni na amani mpaka mwezi ujao.