Hukumu Isiyo na Sababu

Katika kila soko pana watu watatu, ingawa macho huona wawili. Wa kwanza ni muuzaji. Wa pili ni mnunuzi. Wa tatu ni yule ambaye hao wawili humwendea wanapogombana. Katika soko la uwanjani mtu wa tatu huwa mzee wa soko, au askari, au hakimu mahakamani. Hana fungu katika mali inayogombaniwa, na pande zote mbili humwona uso kwa uso. Katika soko la mtandao mtu wa tatu ni mwenye soko mwenyewe. Yeye ndiye aliyejenga kibanda, yeye hupokea ushuru, mara nyingi yeye hushika fedha kabla hazijamfikia muuzaji, na ugomvi ukizuka yeye ndiye mkata shauri. Nataka kukuthibitishia, msomaji, jambo moja juu ya mtu huyu: mwamuzi asiyemsikiliza mmoja wa wagombanao, wala kumtajia sababu za hukumu yake, ametumia nguvu tu, hata kama hukumu yenyewe imetokea kuwa sawa.

Yafaa kwanza tujue jinsi uwezo huu ulivyomfikia mwenye soko. Mwaka 1995 Pierre Omidyar alianzisha huko California mnada wa mtandao ambao baadaye uliitwa eBay. Watu wasiojuana, waliotengwa na maelfu ya maili, walianza kuuziana vitu vya kila namna. Shida ilionekana mapema. Sokoni mnunuzi hulishika embe, hulinusa na kulibonyeza kabla ya kutoa senti. Mtandaoni hutoa fedha kwanza, na embe huliona baadaye. Ili kupunguza shaka hiyo, soko lile liliweka daftari la sifa: mnunuzi aliandika jinsi muuzaji alivyomtendea, na muuzaji aliandika jinsi mnunuzi alivyomtendea. Mwenye sifa njema alipata wateja. Mwenye sifa mbaya alikimbiwa.

Mwaka 2008 desturi hiyo ilibadilishwa. Muuzaji alikatazwa kuandika neno baya juu ya mnunuzi. Mnunuzi akabaki na ruhusa ya kuandika jema na baya. Sababu iliyotolewa ilikuwa na uzito: baadhi ya wauzaji walikuwa wakilipiza kisasi kwa wateja waliolalamika, hata wateja wakaogopa kusema kweli. Maradhi yalikuwako na yalistahili dawa. Lakini dawa iliyochaguliwa ilikuwa kumziba mmoja kinywa. Mwamba ngoma, wasema wahenga, ngozi huivutia kwake. Mwenye soko ahitaji wanunuzi wengi wasio na hofu, maana pasipo wanunuzi hapana ushuru. Basi ngozi ikavutwa upande huo.

Sasa tazama utaratibu wa kurudisha mali. Kwa kanuni za soko hilo, mnunuzi aliyepokea kitu kisicholingana na maelezo ana siku 30 za kudai fedha zake, hata kama muuzaji ametangaza kwamba hapokei marejesho, na gharama ya kukirudisha ni ya muuzaji. Muuzaji hupewa siku 3 za kazi kutafuta suluhu. Zikipita, mnunuzi aweza kumwita mwenye soko aamue. Kwa mnunuzi mwaminifu kanuni hii ni ngao, nami siipingi. Lakini ngao hiyo mikononi mwa mwongo hugeuka kuwa panga.

Tufanye mfano. Mwanamke mmoja auza saa ya mkono aliyoirithi kwa babaye. Aipiga picha, aieleza kwa uaminifu, aituma. Baada ya wiki mbili mnunuzi asema kwamba saa ni bandia, na airudisha. Mwanamke afungua kifurushi na kuona ndani yake saa nyingine, nyonge, ambayo hajapata kuiona. Asema, "Hii siyo niliyotuma." Mnunuzi asema, "Ndiyo niliyopokea." Hapana shahidi. Hati ya msafirishaji yathibitisha kwamba kifurushi kimerudi, lakini hati haikuona kilichomo. Kisha mwanamke apata ujumbe wa mistari miwili: fedha zimerudishwa kwa mnunuzi, shauri limefungwa. Amepoteza saa, amepoteza thamani yake, na nauli ya uongo ameilipa mwenyewe. Udanganyifu wa namna hii, wa kubadilisha kitu au kurudisha sanduku tupu, wajulikana sana na watu wote wafanyao biashara ya mtandao. Lililo chungu zaidi ya hasara yenyewe ni kwamba mwanamke huyu hajui ni ushahidi gani uliopimwa, wala ni nani aliyeupima, wala kama kweli ulipimwa.

Pengine utasema, "Mwenye soko angejuaje ukweli, naye hakuwapo?" Jibu lake latoka kwa wenye masoko wenyewe. Mwaka 2020 eBay ilianzisha mpango mpya wa mafundi wa kuthibitisha uhalisi wa vitu vya thamani, kwanza saa za mkono, kisha viatu vya raba vya fahari, mikoba ikafuata. Muuzaji hatumi kitu moja kwa moja kwa mnunuzi. Hukituma kwa fundi, fundi hukikagua, kikifaa hukipeleka mbele. Na mnunuzi akikirudisha, hupitia tena kwa fundi, ambaye huhakiki kwamba kilichorudi ndicho kilichokwenda. Nausifu mpango huu kwa moyo mweupe. Nausifu pia kwa kuwa umefichua siri: wizi wa kubadilisha mali waweza kuzuiwa pale mwenye soko anapoona faida ya kuuzuia. Anayeuza kitu cha thamani ndogo, ambaye mara nyingi ndiye maskini zaidi, hubaki nje ya uzio.

Hata hivyo tusimfanye fundi kuwa malaika. Katika mji wa Detroit, Marekani, lilizaliwa soko la StockX lililofungua milango mwaka 2016. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba viatu vyote vilipita mikononi mwa wakaguzi wake. Kwa miaka lilitangaza uhalisi wa asilimia 100. Mwishoni mwa mwaka 2022 likaacha maneno hayo na kusema tu kwamba bidhaa zimehakikiwa nalo. Mwaka huo huo kampuni ya Nike ilikuwa imelishtaki soko hilo, ikidai miongoni mwa mengine kwamba ilinunua humo viatu bandia vilivyokwisha kupita ukaguzi. Mnamo Machi 2025 jaji wa mahakama ya shirikisho jijini New York aliamua kwamba StockX iliwajibika kwa kuuza jozi 37 za viatu bandia vya Nike.

Fikiri vema juu ya hukumu hiyo. Jicho liwezalo kuliita la uongo kuwa la kweli laweza pia kuliita la kweli kuwa la uongo. Viatu halisi vyenyewe havifanani kama matone ya maji. Hutoka katika viwanda mbalimbali, na mshono wa kimoja au gundi ya kingine hutofautiana kidogo. Fundi mchovu, mwenye rundo la masanduku mbele yake, aweza kukosea. Nike ilipoona kosa ilikuwa na mawakili, fedha na miaka ya kungoja. Je, kijana aliyeuza jozi moja, ikakataliwa kwa kosa, ana nini? Ana ujumbe usemao kwamba kiatu chake hakikufaulu. Amepewa jina la mghushi, na hakuambiwa ni mshono gani uliomshitaki.

Watetezi wa masoko haya wana hoja tatu, na haifai tuzikimbie.

Wasema kwanza kwamba sababu zikitajwa waghushi watajifunza. Hoja hii yafanana na tabibu akataaye kumwambia mgonjwa ugonjwa wake kwa kuogopa kwamba atamfundisha udaktari. Hatuombi vitabu vya mafundi vibandikwe ukutani. Twaomba mtu mmoja aambiwe habari ya kitu chake kimoja: lebo hailingani na sanduku, mtambo wa saa si wa kiwanda kilichotajwa, ngozi ya mkoba si ile iliyoelezwa. Mghushi stadi hajifunzi kwa barua hiyo. Hujifunza kwa kununua bidhaa halisi na kuipasua. Aumiaye kwa usiri ni mwaminifu.

Wasema pili kwamba wauzaji wadanganyifu ni wengi, na mnunuzi ndiye dhaifu. Kweli wadanganyifu wapo, na mnunuzi astahili ulinzi. Lakini kwa sababu gani ulinzi wake udhoofike muuzaji akisikilizwa? Mnunuzi mkweli hana la kuogopa kwa kuulizwa picha, wala kwa kupingwa kwa ushahidi. Anayeogopa kuulizwa ni mmoja tu, nawe wamjua.

Wasema tatu kwamba soko ni mali ya mwenyewe, na asiyeridhika aondoke. Hii ndiyo hoja tamu kwa masikio na tupu kwa tumbo. Mwenye kibanda uwanjani akihama, wateja wamjuao kwa sura humfuata. Muuzaji wa mtandao akihama, sifa alizojipatia kwa miaka 10 hubaki katika daftari la mwenye soko. Aendako huanza kama mgeni asiye na jina. Kumwambia aondoke ni kama kumwambia mkulima ahame na kuacha shamba likiwa na mazao.

Wala usidhani, msomaji, kwamba natetea wauzaji kwa kuwa ni wauzaji. Katika nchi yetu ya Kenya ngozi ya ngoma huvutwa mara nyingi upande mwingine. Ni mara ngapi umepewa risiti yenye maneno kwamba mali ikishauzwa hairudishwi? Ununue redio isiyonena au kiatu kinachoachama siku ya pili. Ukienda kulalamika, mwenye duka hukuonyesha maneno yale kama kwamba yameteremshwa kutoka mbinguni. Hapo muuzaji amejifanya hakimu wa kesi yake mwenyewe, na mnunuzi ndiye hana kinywa. Makosa haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Tukichukia moja na kulipenda jingine, tutakuwa tumechagua mshindi, wala hatutakuwa tumechagua haki.

Katiba yetu ya mwaka 2010 yatufunza jambo zuri kwa mpangilio wake tu. Kifungu cha 46 chataja haki za mtumiaji wa bidhaa na huduma. Kinachofuata papo hapo, cha 47, chataja haki ya kutendewa kwa uadilifu katika maamuzi ya utawala, na kwamba mtu ambaye haki yake imeathiriwa au yaelekea kuathiriwa na uamuzi huo ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sisemi kwamba kifungu hiki chavuka bahari kwenda kuzifunga kampuni za Marekani. Nasema kwamba taifa zima lilikubali kanuni ambayo masoko haya yanaiona kuwa mzigo: ulinzi wa mnunuzi na haki ya kupewa sababu vyakaa jirani, wala havigombani. Huko Ulaya jambo hili limeanza kutendwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya juu ya huduma za mtandao, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 17 Februari 2024, yayataka majukwaa yatoe sababu yanapoondoa tangazo la mtu au kumfungia akaunti, na majukwaa makubwa yapokee malalamiko bila kuiachia mashine peke yake kuyaamua. Kama yawezekana kwa akaunti iliyofungwa, yawezekana kwa saa iliyorudishwa.

Basi madai ni matatu, tena si makubwa. Asikilizwe kila mmoja kabla fedha hazijahama. Atajiwe sababu kila ashindwaye, kwa maneno yahusuyo kitu chake, si kwa maneno ya kukariri yatumwayo kwa watu elfu. Na iwepo rufaa kwa mtu mwingine, asiyekuwa fundi wa kwanza wala mla ushuru wa biashara ile. Anayesema kwamba haya ni ghali na atueleze kwa nini ushuru hukatwa kwa kila mauzo, ikiwa si pamoja na kazi ya kuamua.

Nawe, mwanafunzi, jambo hili halipo mbali nawe. Kesho au kesho kutwa utauza simu iliyotumika, au ushanga uliotungwa na mama yako, kwa mtu usiyemjua. Piga picha kila pembe kabla ya kufunga kifurushi. Andika nambari za kitu. Hifadhi kila ujumbe. Siku nyingine utakuwa mnunuzi. Siku hiyo usivae kiatu kwenda arusini kisha ukakirudisha ukidai kwamba ni kibovu, maana uongo wa namna hiyo ndio uwapao wenye masoko kisingizio, na aulipiaye ni mtu ambaye hutamwona kamwe. Na pengine siku moja utaajiriwa wewe kukaa katika kiti cha mwamuzi, mbele yako pana kitufe cha kufunga shauri. Kabla hujakibonyeza, andika sababu yako. Ikiwa huwezi kuiandika, bado hujaamua.