Makuta ya retreti yetu yanalala wapi?

Kamina iko muji wa gari la moshi. Njia ya kutoka Lubumbashi inapita hapa mbele ya kuenda Ilebo, na ingine inapita Kabalo mupaka Kalemie. Ndiyo maana jamaa nyingi ziko na mutu aliyetumika SNCC, na wengi wanajua muzee aliyemaliza kazi akabaki kungojea hesabu yake ya mwisho. Kwa hiyo mutu akisikia kwamba huko Nairobi ao London mufuko wa retreti wa wafanyakazi wa kabine ya avoka unanunua sehemu ya sosiete, anashangaa. Makuta ya wazee yanaenda kufanya biashara? Na biashara ikianguka?

Swali hilo linatugusa sisi pia. Tuanze na fishi ya mushahara. Kwa sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, patroni analipa CNSS 13% juu ya mushahara, na mufanyakazi anakatwa 5%. Upande wa pansio peke yake ni 10%: tano za patroni, tano za mufanyakazi. Karani anayepata franga 300.000 kwa mwezi anakatwa 15.000, patroni anaongeza 15.000. Ni franga 30.000 kila mwezi kwa ajili ya uzee wake.

Sasa, kwa nini makuta hayo yasikae tu kimya ndani ya kese? Wazee wetu wanajua jibu. Mwaka 1993 zaire mupya ilitoka, moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 franga ikaja, moja kwa zaire mupya 100.000. Piga hesabu: franga moja ilikuwa sawa na zaire za zamani bilioni 300. Mutu aliyekatwa mushahara miaka makumi mbili alikuta akiba yake haitoshi kununua hata kipande cha mukate. Hakuna mwizi aliyeingia ndani ya kese. Bei zilipanda njo zikakula makuta. Kuweka bila kuzalisha nako ni hatari.

Kwa hiyo kila mufuko wa retreti unatafuta pa kuweka makuta. Wengine wananunua deni la Leta, wengine wanajenga manyumba ya kupangisha, kama INSS ya zamani ilivyofanya, ile iliyogeuka CNSS. Wengine wanatia makuta ndani ya sosiete ambazo hisa zake haziuzwi sokoni. Inaenda hivi: kundi la wasimamizi linakusanya makuta ya mifuko mingi, linanunua sehemu ya hospitali, ya kiwanda cha maziwa ao ya duka kubwa, linaikomalisha, halafu kisha miaka mitano ao saba linauza sehemu ile kwa bei ya juu. Mara nyingi mupango wote unadumu miaka kumi. Ndani ya miaka hiyo ni vigumu sana kutoa makuta yako.

Wasimamizi nao wanakula. Kawaida wanachukua karibu 2% kila mwaka, na 20% ya faida. Kwa franga milioni 100, ile 2% ni milioni 2 kwa mwaka, hata kama faida bado kuonekana.

Kenya imeweka mupaka. Huko patroni anaweza kufungua mufuko wa wafanyakazi wake, hata kama iko kabine ya avoka yenye watu kidogo. Lakini mamlaka ya retreti, RBA, inakataza mufuko kupita 10% ya mali yake ndani ya sosiete za aina hii. Tena anayelinda makuta hapana yule anayeamua pa kuyaweka, na wafanyakazi wanachagua sehemu ya wasimamizi. Na hata kwa ruhusa hiyo, mifuko ya Kenya kwa jumla haikuweka huko hata 1%. Sehemu kubwa iko ndani ya deni la Leta.

Woga wao uko na sababu. Abraaj ya Dubai ilikuwa kubwa sana katika kazi hii, na ilinunua mupaka Java House ya Nairobi. Wawekezaji wa mufuko wake wa afya wa dola bilioni moja, pamoja na Gates Foundation, wakauliza: makuta yetu mumeyapeleka wapi? Mwaka 2018 Abraaj ikaanguka. Walioweka pale walikuwa watu wa masomo na avoka wao. Lakini kilichofungua mambo ni lile swali rahisi.

Na kwetu? Congo haina soko la hisa. Maana yake kila sehemu ya sosiete ambayo kese ya retreti ingenunua hapa inchini ingekuwa ya aina hii: bei yake haionekani wazi kila siku, na kuiuza inaomba kutafuta mun\unuzi mumoja-mumoja. Kuko tofauti ingine. Katika mifuko mingi ya Kenya kila mufanyakazi ana hesabu yake, na hasara inamupiga yeye. Kwetu kotizasio za leo zinalipa wazee wa leo, na akiba inayobaki ni ya wote. Hasara ikiingia haionekani kwa jina la mutu. Inaonekana siku pansio inachelewa.

Lakini mbele ya kubishana juu ya sosiete gani inunuliwe, kuko jambo la kwanza: makuta yanafika? Patroni anaweza kukata 5% kwenye fishi na asiipeleke. Mufuko hauwezi kuzalisha kitu ambacho hakikuingia.

Kwa hiyo, ndugu unayetumika, hata kama uko sekreteri ao shofere wa kabine ya avoka hapa Kamina, chunga fishi zako zote. Uliza patroni namba yako ya CNSS. Ukiwa nayo, uliza kwenye biro ya CNSS ni miezi ngapi imeandikwa kwa jina lako. Na wale wa sendika waombe hesabu ya kila mwaka: akiba ni ngapi, iko wapi, ilizaa nini. Kuuliza hivyo hapana kutukana mutu. Franga 15.000 za kila mwezi zimetoka mufukoni mwako.