Linda Kwanza Kisichorudi

Ukipita leo katika Bonde la Lambwe, utaona nyumba za mabati mahali ambapo wazee wetu waliogopa kupitisha ng'ombe kwa ajili ya mbung'o na ugonjwa wa malale. Ukishuka mpaka Nyatike, katika Kaunti ya Migori, utaona mpunga katika skimu ya maji ya Kuja ya Chini. Watu wamejenga, wamelima, wamesomesha watoto. Hayo ni maendeleo ya kweli, na kila mmoja ana haki ya kufurahia jasho lake.

Lakini nataka kukuuliza jambo moja. Mali hiyo unailinda namna gani? Wengi hujibu, "Nina mlango wa chuma, nina kufuli kubwa, na nina mbwa mkali." Jibu hilo si baya, ila halitoshi. Mwizi ni adui mmoja tu. Wako maadui wengine wasioogopa kufuli: moto, radi, mafuriko, kesi ya ardhi, na kichaa cha mbwa, ambacho chaweza kuingia bomani pamoja na mbwa yule yule uliyemweka akulinde.

Tena naona ya kwamba tunapanga ulinzi wetu kinyume. Fedha zikipatikana tunafikiri nyumba kwanza, halafu shamba, na mbwa hatumfikirii kabisa. Yafaa tugeuze utaratibu huo. Nyumba ikiungua, yaweza kujengwa tena. Shamba likipotea, kulirudisha ni taabu kubwa, na miaka mingi huishia kortini. Lakini mtoto akifa kwa kichaa cha mbwa, harudi. Basi tuanze na kile kisichorudi. Tena kukilinda hicho ndiko kwenye gharama ndogo kuliko vyote.

KWANZA, MBWA WAKO

Kichaa cha mbwa si jambo geni kwetu. Katika Kenya ugonjwa huu ulijulikana kwa mbwa mwaka 1912, karibu na Nairobi. Tangu wakati huo zaidi ya miaka 100 imepita, na bado watu wanakufa. Hakuna sababu ya kufa, kwa kuwa chanjo ipo. Louis Pasteur wa Ufaransa alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa mwaka 1885, na mtoto yule akapona.

Karibu watu wote wapatao ugonjwa huu huupata kwa mbwa, na katika kila watu 10 wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa, kama 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto hucheza na mbwa, humnyang'anya mfupa, naye akiumwa huogopa kusema asije akapigwa. Kwa hiyo waambie watoto wako leo: anayeumwa au kukwaruzwa na mbwa aseme mara moja, wala hatapigwa.

Chanjo moja ya mbwa haiponyi kijiji kizima. Wataalamu wanasema ya kwamba katika kila mbwa 10, wasipungue 7 waliochanjwa, ndipo ugonjwa hukatika. Ukimchanja mbwa wako na jirani akaacha wake watano, umelinda mlango mmoja na kuacha mingine wazi. Tangu mwaka 2013 kazi ya matibabu ya mifugo iko chini ya serikali za kaunti. Basi haifai kila mtu kungoja peke yake. Wakulima wa skimu moja wakutane, wahesabu mbwa wao wote, wapeleke hesabu hiyo kwa afisa wa mifugo wa wadi, na waombe siku ya kuchanja. Afisa akijua kuna mbwa 80 wanaongoja mahali pamoja, ni rahisi kwake kupanga safari kuliko akiitwa kwa mbwa mmoja. Serikali ya Kenya ilianza mwaka 2014 mpango wa kumaliza ugonjwa huu kufikia mwaka 2030, lakini hakuna mpango utakaofaulu ikiwa mwenye mbwa hamleti. Chanjo hurudiwa kila mwaka. Iandike tarehe, uitunze ile karatasi.

Sasa, ikiwa mtu ameumwa, fanya hivi bila kuchelewa. Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15. Tazama saa, maana dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Halafu mpeleke hospitali siku ile ile. Usipake pilipili, wala usitegemee lile jiwe jeusi, wala usingoje kuona kama mbwa atakufa. Dawa ya kuzuia hutolewa kwa sindano kadhaa kwa siku zilizopangwa. Asikatize njiani kwa kuwa kidonda kimepona. Kidonda hupona upesi, lakini ugonjwa waweza kukaa miezi miwili au mitatu, na mara nyingine zaidi, kabla ya kuonekana. Ukishaonekana, mgonjwa akaanza kuogopa maji, karibu hapana tena awezaye kumponya.

Na mbwa mwenyewe je? Kama anaweza kufungiwa bila hatari, afungiwe, atazamwe siku 10, na afisa wa mifugo aarifiwe. Ng'ombe aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa asichinjwe kwa kula, na maziwa yake yasinywewe, mpaka afisa aseme. Ninyi mlio jirani na Mbuga ya Taifa ya Ruma jihadharini zaidi, kwa kuwa wanyama wa porini pia waweza kuwa na ugonjwa huu. Mnyama wa usiku akija bomani mchana bila woga, usimkaribie.

Neno jingine juu ya mbwa: dawa ya kupe na dawa ya wadudu wa mahindi zisiwekwe katika chupa za soda, wala zisiachwe chini. Zinaua mbwa, na zinaua watoto. Weka juu, funga, na uchome kifuli.

PILI, KARATASI ZA SHAMBA

Wengine wenu mlipewa shamba kwa mkopo, mkalipa kidogo kidogo. Mzee amemaliza kulipa, akatoa shukrani, akarudi kulima. Hajui ya kwamba kumaliza deni si mwisho wa kazi. Inabaki kupata hati ya kuondoa rehani, na kuandikisha shamba kwa jina lake katika Ofisi ya Ardhi. Mpaka jambo hilo litimizwe, kitabu cha serikali hakikujui kama unavyojijua wewe.

Tena wengine mnakaa katika mashamba ambayo hati yake ina jina la baba au babu aliyekwisha kufa. Hapo ndipo ugomvi wa ndugu hutoka. Tuseme mzee amekufa, ameacha wana wanne na wajane wawili. Mwana wa kwanza, kwa kuwa hati iko mkononi mwake, anauza ekari mbili kwa mtu wa mbali. Mnunuzi anajenga. Baada ya miaka 10 wajane wanakwenda kortini. Mnunuzi analia, wana wanalia, na mwenye kucheka ni yule anayelipwa kuendesha kesi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yasema wazi ya kwamba mtu haruhusiwi kushika wala kugawa mali ya marehemu bila idhini ya korti, na kufanya hivyo ni kosa. Kwa hiyo anzeni na cheti cha kifo na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, kisha mwende kortini. Binti ahesabiwe pamoja na wana, awe ameolewa au hajaolewa.

Ukitaka kununua au kuuza, kumbuka mambo matatu. La kwanza, nenda Ofisi ya Ardhi ukatafute katika kitabu, ujue mwenye shamba ni nani na kama lina rehani. Usitosheke na karatasi unayoonyeshwa hotelini. La pili, shamba la kilimo lataka idhini ya Bodi ya Kusimamia Ardhi, na maombi hupelekwa katika miezi sita tangu kupatana. Idhini ikikosekana, mapatano hayo hayana nguvu. La tatu, mume asiweke rehani nyumba ya ndoa bila kibali cha mkewe, wala mke bila kibali cha mumewe. Rehani ya namna hiyo si halali. Mama mwenye nyumba, ukiletewa karatasi utie sahihi, omba isomwe kwanza kwa lugha unayoijua, na usione haya kusema ungependa siku mbili za kufikiri.

TATU, NYUMBA NA BIMA

Sasa tumefika kwenye nyumba. Katika nchi hii ya kandokando ya Ziwa Victoria, radi ni nyingi, na mito haina adabu. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likapita kidogo kimo cha mwaka 1964, na watu wa mwambao wakahama. Watu wa Nyatike wanaujua Mto Kuja unapovunja kingo zake. Kwa hiyo watu huniuliza, "Je, nikate bima?"

Naona jibu la kweli ni hili: fanya kwanza yasiyohitaji fedha nyingi, halafu fikiri bima. Usijenge mahali ambapo wazee wanakuambia maji yalifika. Usiweke petroli wala mafuta ya taa ndani ya nyumba ya kulala. Jiko la makaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa, maana hewa yake huua watu wakiwa usingizini. Fundi wa umeme awe mwenye leseni. Radi ikianza, usisimame chini ya mti, wala usiongoze ng'ombe kando ya ua wa waya. Mambo haya hayakatiwi risiti, lakini yameokoa nyumba nyingi.

Nyumba ya matofali na mabati, duka, au posho mili yaweza kukatiwa bima ya moto na hatari nyinginezo. Ukiamua, angalia haya. Kampuni iwe imepewa leseni na Mamlaka ya Kusimamia Bima, na risiti iwe kwa jina la kampuni, si kwa jina la wakala. Bima haianzi kwa ahadi. Huanza ada ikiisha kulipwa. Uliza kama mafuriko na radi vimo ndani ya mkataba, kwa maana neno "moto" peke yake halina maji ndani yake. Uliza tena ni sehemu gani ya hasara utakayobeba mwenyewe.

Halafu sema kweli juu ya thamani. Watu hudhani ya kwamba kutaja thamani ndogo ni werevu, kwa kuwa ada inapungua. Tuseme nyumba yako yastahili shilingi 1,000,000 nawe umeandikisha 500,000. Moto ukichoma sehemu ya shilingi 200,000, kampuni yaweza kukulipa 100,000 tu, kwa sababu uliikatia bima nusu yake. Vilevile usifiche ya kwamba nyuma ya nyumba unauza petroli. Kilichofichwa hutokea siku ya madai, na madai hukataliwa. Ardhi haiungui, basi usiihesabu. Hesabu kuta, paa, na vitu vya ndani, uviandike katika daftari na uweke nakala kwa ndugu anayekaa mbali.

Wengine watasema, "Sisi tuna harambee. Nyumba ikiungua, jirani watanichangia." Mimi pia nimechanga, na harambee ni jambo jema. Lakini kumbuka ya kwamba mafuriko yakija hayachukui nyumba yako peke yake. Yule ambaye angekuchangia naye yuko juu ya kichuguu na watoto wake. Hapo ndipo bima na daftari vinapomfaa mtu. Na mwenye nyumba ya nyasi ambayo kampuni haiipokei asikate tamaa. Chama cha akiba chenye watu 20 waaminifu, wanaoweka kidogo kila mwezi kabla ya hatari, ni bora kuliko mchango unaoombwa baada yake.

Ndugu mkulima, na wewe mama mwenye shamba, sikuambii ufanye yote kwa siku moja. Wiki hii hesabu mbwa wa jirani zako, na umwone afisa wa mifugo. Mwezi huu itoe ile hati chini ya godoro, usome ina jina la nani, na ukae na ndugu zako mlizungumze wakati bado mnakula pamoja. Baada ya mavuno, fikiri habari ya bima. Ukifuata utaratibu huo utakuwa umelinda kwanza mtoto, kisha shamba, kisha nyumba, na fedha yako ndogo itakuwa imetangulia mahali panapostahili.