Land Rover za zamani kuwa magari ya kambi: kazi yavuka mpaka, chesisi haivuki

BUSIA – Katika nyua za wasafirishaji wa ukanda huu, kutoka Busia na Malaba hadi Tororo, si ajabu kukuta Land Rover au Land Cruiser ya zamani imeegeshwa ukutani, matairi hayana upepo na kuku wametaga ndani. Kwa miaka mingi gari kama hilo lilikuwa na njia mbili tu: kukatwa spea, au kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Sasa iko njia ya tatu. Gari hilo linaweza kujengwa upya liwe gari la kambi, lenye kitanda, tangi la maji, jiko la gesi, betri ya pili na hema juu ya paa. Wateja wapo. Kampuni za Nairobi, Kampala na Entebbe hukodisha magari ya namna hiyo kwa watalii wanaopenda kujiendesha wenyewe. Tangu mwaka 2014 mtalii anaweza kuzunguka Kenya, Uganda na Rwanda kwa viza moja, na anayetoka Nairobi kwenda Jinja, Murchison Falls au Kidepo kwa barabara mara nyingi hupita Busia au Malaba. Oktoba 2024, tamasha la Land Rover mjini Arusha lilikusanya mamia ya magari haya, ishara kwamba gari kuukuu limekuwa mali ya kujivunia.

Swali kwa mfanyabiashara wa mpakani ni moja: je, biashara hii inamfaa? Jibu la uchambuzi huu ni kwamba inamfaa, lakini si kwa namna ambayo wengi wanaifikiria. Wazo linalomjia mtu haraka ni kununua gari bei nafuu upande mmoja, kulijenga, kisha kuliuza upande wa pili. Hapo ndipo fedha hupotea.

Kwa nini gari la zamani

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam Aprili 1948. Zile zilizofuata, hadi Defender ya mwisho iliyotoka kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016, zilibaki na umbo lilelile: chesisi ya chuma chini, bodi ya aluminiamu juu, na sehemu nyingi zinazofungwa kwa bolti. Land Cruiser za kizazi cha 40, na za kizazi cha 70 zilizoanza mwaka 1984, nazo zina chesisi imara na mitambo isiyotegemea kompyuta kwa yale ya zamani.

Kwa fundi wa jua kali hilo ni jambo kubwa. Anaweza kushusha bodi nzima, kupiga msasa chesisi, kubadilisha springi na kurudisha kila kitu kwa spana na mashine ya kuchomelea. Gari la kisasa lenye nyaya na vihisio kila kona halimpi nafasi hiyo. Tena mafundi wa pande zote mbili wana uzoefu wa miaka mingi wa kujenga bodi za malori na matela. Ujuzi upo.

Umri ni jambo moja, ushuru ni jingine

Tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze Januari 2005, na Soko la Pamoja lifuate Julai 2010, wengi wamezoea kusema kwamba kilicholipiwa ushuru Mombasa kimeshalipiwa pote. Kwa gari lililotumika mambo si hivyo. Kulitoa gari kwenye usajili wa Kenya na kuliandikisha Uganda, au kinyume chake, ni kuingiza gari nchini, na kila nchi ina masharti yake.

Sharti gumu kuliko yote ni umri. Kenya haipokei gari lililotumika ambalo limezidi miaka 8. Uganda, kwa marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 2018, ilifunga mlango kwa magari yenye miaka 15 au zaidi tangu yatengenezwe. Land Rover ya mwaka 1975 haina pa kupenya kwa kipimo chochote kati ya hivyo viwili.

Wengine hujitetea kwamba gari lao liliunganishwa hapa hapa, kwa mfano katika kiwanda cha Thika ambacho zamani kiliitwa Leyland Kenya, kwa hiyo ni bidhaa ya Afrika Mashariki. Hoja hiyo, hata ikithibitishwa kwa karatasi za miaka arobaini iliyopita, inagusa ushuru peke yake. Haigusi umri. Mtu anaweza kusamehewa ushuru wote na bado gari lake likakataliwa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: jenga juu ya chesisi ambayo tayari imesajiliwa katika nchi litakamotumika gari hilo. Mteja wa Mbale atafutiwe gari la Uganda, na mteja wa Eldoret atafutiwe gari la Kenya. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, linganisha namba iliyogongwa kwenye chesisi na ile ya kwenye logbuku. Kama chesisi imeoza na inabidi kubadilishwa, waulize kwanza wenye mamlaka ya usajili, kwa maana kuhamisha namba kwa kukata na kuchomelea kunaweza kuonekana kama gari la wizi.

Gari la mgeni lenye kaneti

Upo mtego mwingine unaowagusa wasafirishaji moja kwa moja. Wageni wanaozunguka Afrika kwa magari yao huja na kaneti, yaani kitabu cha dhamana ya forodha kinachotolewa na chama cha wenye magari. Kitabu hicho kinaahidi kwamba gari litatoka nchini. Mgeni akichoka na safari, au giaboksi ikifa njiani, anaweza kumwambia mtu wa hapa amwachie gari kwa bei ya kutupa.

Bei hiyo ni tamu kwa sababu ushuru haumo ndani yake. Kaneti isipofungwa kwa mhuri wa kutoka, forodha humdai aliyeweka dhamana, na aliyenunua anabaki na gari lisilosajilika. Mara nyingi gari lenyewe limepita umri, na huenda usukani uko kushoto, jambo ambalo Kenya nayo hailikubali kwa magari ya kawaida.

Msafirishaji anayeombwa alipandishe gari la aina hiyo kwenye lobedi na kulivusha usiku, au alipitishe njia za panya, akumbuke kwamba si gari hilo tu lililo hatarini. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, chombo kilichobeba mali ya magendo nacho kinaweza kutaifishwa. Kumpoteza mteja mmoja ni hasara ndogo kuliko kupoteza lori ambalo bado linalipiwa mkopo.

Kinachovuka ni kazi

Sasa tuje kwenye upande wa faida. Kama chesisi haivuki, vitu vingine vinavuka, na thamani kubwa ya gari la kambi imo ndani ya vitu hivyo.

Cha kwanza ni sanduku la kambi lenyewe. Badala ya kuchomelea nyumba moja kwa moja kwenye gari, fundi anaweza kujenga sanduku linalokaa nyuma ya pikapu na kufungwa kwa bolti nne au sita, likashushwa msimu wa utalii ukiisha. Sanduku hilo si gari. Ni bidhaa kama kabati au mlango wa chuma, na sheria ya umri wa magari hailihusu.

Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya inaweza kuvuka bila ushuru wa forodha ikiwa na hati ya uasili. Kwa shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani upo utaratibu rahisi wa hati inayotolewa pale pale mpakani, mradi bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Orodha hiyo isomwe kwanza. Bidhaa isipokuwemo, au thamani ikizidi, itahitajika hati kamili kupitia wakala wa forodha, na kodi za ndani kama VAT huhesabiwa kwa utaratibu wake.

Hapa mpangilio wa mzigo una maana. Mbao, mabati, turubai na godoro la hapa vinasaidia kuthibitisha uasili. Friji ya gari, betri na paneli za sola kutoka ng'ambo vinaupunguza. Ni busara kuuza sanduku tupu lenye nafasi na nyaya tayari, kisha mteja anunue friji na betri upande wake.

Cha pili ni vitu vidogo: rafu za ndani, vishikio vya madebe, hema la paa lililoshonwa hapa, rafu ya paa, bampa. Cha tatu ni kazi ya mikono yenyewe. Gari la Uganda linaweza kuingia Kenya kwa muda kwa ajili ya kutengenezwa, au la Kenya likaingia Uganda, ikiwa limetangazwa hivyo mpakani na likarudi kabla ya tarehe ya kibali kuisha. Tangu vituo vya pamoja vya Busia vizinduliwe rasmi Februari 2018 na marais wa nchi hizi mbili, maofisa wa pande zote hukaa mahali pamoja, na msafiri husimama mara moja badala ya mara mbili.

Tahadhari ni kwenye injini. Mafundi wengi hupenda kutoa injini ya asili na kuweka dizeli ya Toyota au Isuzu. Gari likiingia na kibali chenye namba moja ya injini na kutoka na namba nyingine, ofisa ana haki ya kuuliza ile ya kwanza iko wapi na hii ya pili ililipiwa wapi. Injini ibadilishwe nyumbani, mabadiliko yaandikishwe, na logbuku isomeke sawasawa kabla ya safari ya kwanza.

Uzito na bima

Wasafirishaji wanajua mizani kuliko mtu yeyote, lakini wajenzi wa magari ya kambi huisahau. Lita 100 za maji ni kilo 100. Lita 90 za dizeli ni zaidi ya kilo 70. Ongeza hema, tairi la akiba la pili, betri, mbao na watu wawili wenye mizigo yao, na springi za nyuma zimekwisha kulala kabla ya kufika Bugiri. Maji na betri viwekwe chini, katikati ya ekseli. Paani pabaki hema na vitu vyepesi, la sivyo gari litapinduka kwenye kona za Kapchorwa.

Tena aluminiamu ikigusana na chuma kwenye unyevu huliwa. Weka mpira au rangi nzito kati yake. Kosa hilo halionekani siku ya kukabidhi gari. Huonekana baada ya masika mawili, na mteja hurudi na maneno makali.

Bima nayo isiachwe nyuma. Kadi ya njano ya COMESA humlinda mtu wa tatu katika safari ya nchi jirani, lakini haifidii gari lenyewe. Kampuni ya bima iambiwe kwa maandishi kwamba gari limejengwa upya, na thamani ipimwe upya.

Hitimisho

Mji uliouza duniani neno bodaboda unajua kupata riziki kutokana na mpaka. Biashara hii ya magari ya kambi ni ile ile kwa sura mpya, na anayeweza kuifanya vizuri ni fundi mwenye daftari: gari limesajiliwa huku, sanduku limejengwa kule, hati ya uasili imo mkononi. Mwenye Land Rover uani asikimbilie kuiuza kwa kilo. Atafute kwanza logbuku yake, aone kama namba zinalingana. Zikilingana, anacho cha kuanzia.