Visa imefutwa, fomu imebaki

Ni siku kadhaa sijaandika hapa. Nilikuwa nyumbani kumzika nyanya yangu. Asanteni kwa pole zenu. Leo nilikuwa nimepanga kuendelea na mambo ya hifadhidata, lakini kuna jambo limenikaa rohoni, na kwa vile linahusu tovuti, fomu na seva, haliko mbali na kazi yetu.

Dada yangu anaishi Ulaya na mumewe na binti yao wa miaka sita. Yeye bado ana pasipoti ya Kenya. Shemeji na mpwa wangu wana pasipoti za huko. Nyanya alifariki Jumatatu usiku, wazee wakapanga mazishi yawe Jumamosi. Jumanne asubuhi shemeji aliketi kwenye tarakilishi, akatafuta mtandaoni jinsi ya kuomba ruhusa ya kuingia Kenya, akabonyeza kiungo cha kwanza kabisa. Tovuti safi, bendera yetu juu, picha ya simba pembeni. Akajaza fomu, akatuma picha za pasipoti, akalipa karibu mara tatu ya ada ya serikali. Akasubiri. Jumatano kimya. Alhamisi kimya. Alhamisi usiku akanipigia simu. Nikamwomba anisomee anwani ya hiyo tovuti herufi kwa herufi, na kabla hajamaliza nilishajua. Haikuwa ya serikali. Ilikuwa ya madalali waliojiweka katikati.

Dada alipanda ndege peke yake. Mpwa wangu aliliona kaburi la nyanya yake mkuu kwenye kioo cha simu.

Sasa tuulizane: kosa ni la nani? Shemeji si mjinga. Ni mtu anayelipa bili zake zote mtandaoni. Jibu langu ni kwamba mfumo wowote unaomlazimisha mgeni kupita mtandaoni kabla ya kufika, lazima pia umwonyeshe njia ya kufika mtandaoni. Hapo ndipo bado hatujafanya kazi ya kutosha.

Tulifikaje hapa

Kenya ilianza kutoa visa kwa njia ya mtandao mwaka 2015. Halafu tarehe 12 Desemba 2023, siku ya Jamhuri, Rais William Ruto akatangaza kwamba kuanzia Januari 2024 hakuna mgeni atakayehitaji visa kuja Kenya. Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga. Lakini pahali pa visa palikuja idhini ya kusafiri ya kielektroniki, ile inayoitwa eTA. Ilianza kwa ada ya dola 30. Mgeni anatuma picha ya pasipoti, picha ya uso, maelezo ya safari ya ndege na mahali atakapolala, kisha anangoja jibu. Hata mtoto mchanga anatakiwa kuwa na yake.

Kwa Mwingereza au Mmarekani aliyekuwa akilipa dola 50 za visa, hiyo ilikuwa nafuu. Kwa raia wa nchi ambazo zamani waliingia bila visa na bila kulipa chochote, ulikuwa mlango mpya ambao haukuwepo. Ndiyo maana malalamiko mengi yalitoka hapa hapa Afrika. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikuwa wamesamehewa tangu mwanzo, na mwaka 2025 serikali ikawaondolea sharti hilo Waafrika karibu wote, isipokuwa wa Libya na Somalia. Kwa hilo naipongeza. Serikali inayorekebisha programu yake baada ya kusikiliza watumiaji ni adimu kama mvua ya Januari.

Wala si sisi tuliovumbua jambo hili. Australia ilikuwa nayo tangu 1996. Marekani ilianza ESTA mwaka 2008, Canada ikafuata 2016, Korea Kusini 2021, Uingereza 2023. Umoja wa Ulaya unatayarisha yake, ETIAS, na umeshatangaza ada ya yuro 20. Kwa hivyo wanaosema eTA ni njama ya Nairobi ya kukamua watalii wanakosea. Ndiko dunia inakoelekea.

Wazo lenyewe ni zuri kiufundi. Zamani ukaguzi ulifanyika baada ya mtu kutua, na akikataliwa, anarudishwa na ndege. Sasa swali linaulizwa kabla ya kupanda. Kwa mfumo wa Marekani, kwa mfano, tarakilishi ya shirika la ndege huuliza tarakilishi ya serikali kuhusu pasipoti fulani, jibu likija "hapana", abiria haondoki. Mhandisi yeyote atakuambia ni nafuu kukamata kosa mapema.

Lakini mhandisi huyo huyo atakuuliza swali la pili: na mfumo ukilala?

Julai 2023

Tusisahau haraka. Mwishoni mwa Julai 2023, eCitizen ilishambuliwa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Seva zilimiminiwa maombi ya uongo mengi kiasi kwamba maombi ya kweli hayakupata nafasi, kama vile vijana elfu moja wasio na nauli wajazane kwenye mlango wa matatu moja. Visa za mtandaoni zilikwama, na serikali ikalazimika kusema wageni wanaostahili wapewe visa wakifika uwanjani.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Lakini angalieni kilichotuokoa: ni dirisha la zamani, lenye ofisa na muhuri. Tunapofunga kila dirisha na kubakisha mlango mmoja wa mtandao, lazima tujue tutafanya nini siku mlango huo utakapokwama. Mpango huo uandikwe na kutangazwa mapema, ili karani wa shirika la ndege kule Doha au Amsterdam asimrudishe mtu nyumbani kwa sababu seva ya Nairobi imezidiwa.

Ningefanya nini kama kazi ingekuwa yangu

1. Ningepigana na tovuti za madalali. Nyingine hazivunji sheria waziwazi, zinajiita wasaidizi tu, na zinalipia matangazo ili zitokee juu ya tovuti halisi. Serikali nayo inaweza kulipia nafasi hiyo, na inaweza kuyaomba mashirika ya ndege yaandike anwani sahihi kwenye kila tiketi ya kuja Kenya.

2. Ningeweka njia ya msiba. Kwetu maziko hayangoji. Mtu mwenye tangazo la kifo au barua ya chifu ashughulikiwe siku hiyo hiyo, bila kuongezewa bei.

3. Ningemwambia mgeni kwa lugha rahisi picha ya uso wake itakaa kwetu muda gani. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza kuhifadhi data ya mtu kupita muda unaohitajika. Mgeni naye ni mtu.

Nyinyi wenye jamaa ng'ambo, wafundisheni jambo moja tu leo. Anwani ya tovuti inasomwa kutoka kulia. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha rudi kushoto. Ikiwa kipande cha mwisho ni .go.ke, hiyo ni ya serikali ya Kenya, kwa sababu kikoa hicho hakiuzwi kwa kila mtu. Ikiwa maneno "kenya" na "go" yako mwanzoni lakini mwisho ni .com au .org, kimbia. Na ile kufuli ndogo kwenye kivinjari isikudanganye. Inasema tu kwamba hakuna anayesikiliza mazungumzo yenu njiani. Haisemi unayezungumza naye ni mwaminifu. Hata mwizi hupata kufuli hiyo bila malipo.

Mtaniambia

Najua mtaniambia: waache wazungu nao waonje! Sisi tunalipa yuro 90 kuomba visa ya Schengen, tunakataliwa, na pesa hazirudi. Hasira hiyo naielewa, nimo ndani yake. Lakini anayeumia si ofisa wa ubalozi aliyekunyima visa. Anayeumia ni mwenye nyumba ya wageni kule Lamu ambaye familia ya watu watano imeghairi kuja. Anayeumia ni mtoto wa dada yangu.

Na mtaniambia pia kwamba Katiba ya 2010 inamtambua mtoto huyo kuwa Mkenya wa kuzaliwa, kwa kuwa mama yake ni Mkenya, kwa hivyo angekuwa na pasipoti yetu. Kweli kabisa. Dada ameshaanza kumfuatilia. Lakini pasipoti si kitu cha kuanza kutafuta maiti ikiwa mochari.

Visa ilifutwa ili mgeni ajue anakaribishwa. Basi karibu hiyo ianzie pale anapoketi usiku kwenye tarakilishi yake, hajui aandike nini, na mazishi ni Jumamosi. Mkimaliza kusoma, mtumieni jamaa mmoja aliye ng'ambo ile aya ya .go.ke. Wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata.